Nguo Imemsitiri, Kamera Imemvua

(Haya ndo niliyoongea na vijana wa filamu pale Tononoka. Watu kadhaa waliniomba niyaandike, bas nimeyaandika vile yalivyotoka mdomoni, matani mengine tu ndo nimeyapunguza.)

Asalaam aleikum, na wale wengine Bwana asifiwe. Kina mama mlioketi hapo mbele shikamooni, vijana mambo vipi.

Nimeambiwa niongee kuhusu wanawake kwenye muvi za masupahiro na vile wanavyoangaliwa, na hata sijafungua mdomo kuna kaka hapo mlangoni nimemskia amwambia mwenzake "aa, hiyo si rahisi, wavae nguo tu". Ahsante kaka. Umenisaidia sana, manake hilo ndo jibu utakalopewa na karibu kila mtu Mombasa hii kuanzia Likoni mpaka Bamburi, na mimi ndo hilohilo nimekuja kulipinga. Sio kwamba sina haya, buibui langu mwaliona. Nalipinga kwa sababu kila wikendi nashika kamera na najua kamera yaweza kumfanya mtu nini.

Kwa wasionijua, mimi napiga video za harusi, upande wa wanawake. Sikusomea filamu chuoni. Lakini kazi yangu yote ni kuamua: huyu nimuonyeshe kutoka wapi, nianzie kiungo gani, nikae naye muda gani, nikate saa ngapi. Na dairekta wa Hollywood na mamilioni yake ya dola, akisimama nyuma ya kamera, maamuzi yake ndo hayohayo.

Sasa tuchukue Iron Man 2, ya 2010. Hapo ndo Scarlett Johansson alipotokea mara ya kwanza kama Black Widow, yule jasusi wa kike. Kumbukeni suti yake: nyeusi, kutoka shingoni mpaka kwenye kiatu, mikono yote ndani. Imembana, sawa, lakini ngozi huioni. Kwa kipimo cha kaka wa mlangoni karibu amefaulu. Haya, angalia anavyoletwa sasa. Kabla hajavaa hiyo suti abadilisha nguo kwenye kiti cha nyuma cha gari, gari liko mbio, wanaenda kupigana, na dereva, yule Happy, amchungulia kwa kioo. Yeye amwambia angalia barabara. Bas sisi tulioketi sinemani twacheka, twamcheka Happy, lakini kamera imetuweka wapi? Imetuweka mle mle garini na jicho la Happy, tunachoonyeshwa ni alichochungulia yeye. Alafu mjue huyo Happy ni nani. Ni Jon Favreau, na Jon Favreau ndo dairekta wa muvi yenyewe. Yani dairekta amejikalisha mwenyewe kiti cha dereva, akajiwekea kioo, akachungulia. Mimi ningekaa mwaka mzima nikitafuta mfano wa kuwafunza jambo hili nisingepata mzuri kuliko huo.

Na si hapo tu. Mwanzo mwanzo wa muvi hiyohiyo Tony Stark, ndo Iron Man mwenyewe, amtafuta yule dada kwa kompyuta, zatoka picha alizopigwa na nguo za ndani kule Tokyo, Tony amgeukia Pepper, mwenzake wa kazi, amwambia anataka mmoja. Mmoja! Dada wa watu mwenyewe yuko hapo karibu. Johansson alikuja kuyasema haya 2021, muvi yake mwenyewe ya Black Widow ilipokuwa yatoka, ile iliyoongozwa na mwanamke, Cate Shortland. Alisema kule mwanzo yule mhusika aliongelewa kama mali, kama kitu cha mtu kumiliki. Miaka 11 imepita ndo asema. Na mimi simlaumu, mkate wako ukiwa mezani kwa mtu huanzi kwa kumsema.

Kuna mama mmoja Mwingereza, Laura Mulvey, aliandika makala 1975 kwenye jarida laitwa Screen, na karibu kila anayeongea habari hii mpaka leo yuala kutoka chungu chake. Alisema kwenye sinema kuna macho matatu: jicho la kamera, jicho la sisi watazamaji, na macho ya wahusika wenyewe wanavyoangaliana. Kwa muvi nyingi za Hollywood alizokuwa akizichambua, yote matatu yamepangwa yakae upande wa mwanaume. Mwanaume ndo aendesha hadithi, mwanamke ndo aangaliwa. Na akasema kitu kingine ambacho mimi ndo chanipendeza zaidi, kwamba mwanamke akitokea hadithi husimama. Yani mambo yalikuwa yaenda, risasi, gari, mbio, alafu dada aingia, kila kitu chaganda tumuangalie, kisha twaendelea.

Mwataka kuliona hili kwa macho yenu msiende mbali, nendeni kibanda chochote cha muvi hapa mtaani mkaskize hawa madijei wetu wanaotafsiri muvi kwa Kiswahili. Mimi nawapenda, wananichekesha, bibi zetu wameijua Hong Kong yote kupitia wao. Lakini baadhi yao, mkiskiza vizuri, staringi akipiga mtu dijei amuelezea ngumi moja moja, ametoka wapi, adui ni nani, deni gani alipiza. Akiingia dada, hata kama huyo dada ndo jasusi mkuu, hadithi dijei aiweka kando aanza kutuhesabia mwili wake, na akimaliza huwa tumekosa alichosema dada. Mulvey hakuwahi kukaa kibanda cha Kisauni lakini angekijua mara moja.

Turudi kwa nguo, kaka wa mlangoni usiondoke.

Oktoba 2016 Umoja wa Mataifa walimtangaza Wonder Woman, yule wa vitabu vya katuni, kuwa balozi wa heshima wa wanawake na wasichana. Wafanyakazi wao wenyewe wakasimama kumpa mgongo mle ndani, watu karibu 45,000 wakaweka sahihi kulalamika, na kufika Desemba ubalozi umekwisha. Malalamiko yalikuwa kwamba ni mwanamke mzungu mwenye umbo lisilowezekana na nguo kiduchu za rangi ya bendera ya Marekani. Kwa mchoro ule mimi pia ningeweka sahihi. Lakini mwaka uliofuata, 2017, yatoka muvi yake, dairekta ni Patty Jenkins, mwanamke, na Gal Gadot, ndo Wonder Woman mwenyewe, mapaja nje mabega nje, na kile kisiwa chao kizima wanawake wako mapaja nje mabega nje. Kwa kipimo cha nguo hiyo ni balaa tupu. Sasa iangalieni. Wale wanawake waruka farasini, wavuta upinde, waanguka mchangani wakainuka, na kamera iko na ule mshale, iko na ule mkono unaovuta, iko na uso wa anayelenga. Mapaja yapo, wala hayajafichwa, ila hakuna aliyetumwa kuyaangalia. Na ile sehemu atoka handakini kwenye vita vya kwanza vya dunia, apanda ngazi, waona kiatu, waona ngao, waona bangili ya mkononi, na hivi vitu vyaja kimoja kimoja, yani wamemkata vipande kama vile wanavyokatwa wanawake siku zote, lakini kila kipande ni cha kazi anayoenda kufanya. Alafu risasi zaanza kugonga ile ngao na hapo kwa kweli nilitokwa na machozi, mtu mzima.

Novemba ya mwaka uleule ikatoka Justice League, muvi ya masupahiro kadhaa, Wonder Woman akiwemo. Gadot yuleyule, suti ileile. Zack Snyder ndo alikuwa dairekta, akaondoka kwa sababu ya msiba wa nyumbani kwake, Joss Whedon akaletwa kumalizia na akapiga sehemu nyingi upya. Na katika alizoongeza Whedon ni pale Flash, supahiro mwenzake, aanguka juu ya Wonder Woman uso wake ukatua kifuani. Mzaha, ati. Na mzaha wenyewe hata si mpya, manake Whedon huyohuyo miaka miwili nyuma, kwenye muvi ya Avengers, Age of Ultron ya 2015, alimuangusha Bruce Banner, yule Hulk, nyuma ya meza ya baa uso ukaingia kifuani kwa Black Widow. Kampuni tofauti, wahusika tofauti, mwanamke tofauti, kifua ndo kilekile. Na 2021 Snyder aliporudi akatoa Justice League yake ya saa 4, ule mwanguko haumo. Mimi Snyder si mtume wangu, ana mambo yake na muvi zake nyingine ningezisema mpaka adhana ya alasiri. Ila hapo tumepata kitu adimu sana, hadithi moja, dada mmoja, suti moja, na matoleo mawili. Nguo haikubadilika hata uzi. Aliyebadilika ni anayeangalia.

Kwa hivyo mkiniambia dawa ni nguo nawauliza, kwa nani? Hapa kwetu dada avaa buibui, mtandio, na nikabu juu, apita kichochoro cha Mji wa Kale, na pale barazani mazungumzo yanyamaza mpaka apite na akishapita yaanzia kwake. Amejisitiri mpaka pua. Nini kimebaki cha kufunika? Na sisi Waislamu ndo tungefaa kulijua hili mapema kuliko huyo mama wa Uingereza, manake katika Suratun-Nur aya ya 30 wanaambiwa kwanza waumini wanaume wainamishe macho yao, na aya ya 31 ndo yaja kwa wanawake, nao waanza kwa kuambiwa wainamishe macho, kisha ndo habari ya mtandio. Macho yametangulia nguo. Hiyo ya 31 twaijua kwa moyo na kwa mabango ya ukutani. Ya 30 twaipita mbio.

(Hapo pana mzee alisema takbir na watu wakacheka, mimi pia.)

Sasa msije mkatoka hapa mkasema dada yule wa harusi kawasema wanaume tu. Njooni niwaonyeshe upande wangu. Kupamba mwakujua, ile sherehe ya harusi ya wanawake peke yao: ukumbi mzima wanawake watupu, simu zakusanywa mlangoni, hata wahudumu ni wanawake, kamera ni mimi na msichana wangu. Hakuna jicho la mwanaume hata moja. Na bado video nyingi za kupamba zipigwazo mji huu, na wanawake wenzangu, zaanza na shoti moja: kiatu, polepole yapanda, upindo wa gauni, kiuno yakaa, kifua yakaa, shingo, dhahabu, na uso ndo wa mwisho kabisa. Shoti hiyo haikuanzia Mombasa. Tumeitoa kwenye muvi, kwa mlango ule ule anaoingilia mrembo wa staringi. Yani tumemtoa mwanaume ukumbini lakini jicho lake tumebaki nalo kwenye kamera, twalifanyia kazi bure.

Mimi naanza na uso. Naanza na uso wake akimuona mamake, au akiskia vigelegele, ndo nimjue ni nani, kisha hizo nyingine zafuata. Lakini pia nisiwadanganye kwamba mwili haufai kuonyeshwa. Bibi harusi amekaa amenyoosha miguu usiku kucha akichorwa hina, shingo yamuuma, hawezi kukunja kidole, kesho yake mimi nikikosa kuionyesha ile miguu yake atanidai pesa zake na atakuwa na haki. Miguu nitaionyesha, kwa karibu, mpaka ua moja moja. Tofauti ni kwamba hapo naonyesha alichojivunia yeye, na yeye mwenyewe yuko ndani ya ile picha, amenituma. Yule dada wa kiti cha nyuma kwenye gari la Happy hakumtuma mtu, alisema angalia barabara.

Kijana mmoja ameniletea kikaratasi: na Thor je, mbona naye avuliwa shati, mbona hamlalamiki? Swali zuri, na ndio, kamera yamuangalia, na sisi twamuangalia, sitawadanganya mbele ya kina mama. Kwenye ile ya 2022, Love and Thunder, wamemvua nguo zote mbele ya kadamnasi mpaka wanawake wakazirai. Lakini fikiria kwa nini ile ni kichekesho. Ni kichekesho kwa sababu kimegeuzwa, kwa mwanaume hilo si jambo la kila siku. Na ule mwili wa Thor waeleza nguvu, kijana aliyekaa pale kibandani hamtamani Thor, atamani KUWA Thor. Avuliwa shati dakika moja kisha arudi kuwa mungu wa radi mwenye baba, ndugu, ufalme, kosa la kulipia. Ila upande mmoja nakubaliana na huyo kijana: vijana wangapi hapa mtaani wanakunywa maunga ya jimu ili wafanane na kifua ambacho mwenyewe amelipwa mamilioni na kupewa mwalimu na mpishi ili akipate? Hiyo nayo ni mada, mnialike tena.

Kwa nini yaendelea? Pesa, na uvivu wa wenye pesa. Kuna barua pepe ya 2014 iliyovuja kutoka Sony, Ike Perlmutter, mkubwa wa Marvel wakati huo, kampuni ya kina Iron Man, ataja muvi za masupahiro wa kike zilizoanguka: Elektra, Catwoman, Supergirl. Bas, hizo tatu, ushahidi umekamilika. Supergirl yenyewe ni ya 1984! Na Catwoman ya 2004 kila mtu ajua ilikuwa mbovu, Halle Berry alipewa ile tuzo ya kejeli ya muvi mbovu, akaenda kuichukua mwenyewe na Oscar yake mkononi, mwanamke yule ana roho. Lakini muvi za wanaume mbovu ziko chungu nzima, mbona hakuna aliyesema wanaume hawauzi? Wonder Woman ya 2017 ikapita dola milioni 800, Captain Marvel ya 2019 ikapita bilioni.

Na vitu vya watoto ndo viko nyuma ya mengi. Kwenye Age of Ultron Black Widow aruka na pikipiki kutoka kwenye ndege, nzuri kweli. Pikipiki hiyo ya kuchezea ikatoka dukani, na aliyepandishwa juu yake ni Captain America. Na Shane Black, dairekta wa Iron Man 3, alisema adui wa muvi ile alikuwa awe mwanamke, wakaambiwa wabadilishe kwa sababu sanamu ya mwanamke haitauzika. Fikiria, mtoto wako wa kike mwambie achague: kwenye muvi huyo dada aangaliwa, dukani hayupo.

Wachache wamefanya vizuri na nataka vijana wenye kamera mwaangalie hao kuliko kuangalia makosa. Black Panther ya 2018, ile Wakenya tuliifanyia sherehe mpaka Kisumu kwa sababu ya Lupita. Kuna sehemu wako kwenye kasino kule Busan, Okoye, jenerali wa wanawake walinzi wa mfalme, amevalishwa gauni jekundu na wigi, na lile wigi alichukia kutoka mwanzo, alalamika nalo njia nzima, vita vikianza alirusha usoni kwa adui. Nilicheka nikakumbuka harusi kibao ambazo bibi harusi lile wigi angelirusha vilevile. Gauni limebana, jekundu, na kamera yafuata mkuki. Aliyeshika kamera kwa muvi ile ni mwanamke, Rachel Morrison.

Na yetu wenyewe, Supa Modo, mwaka uleule wa 2018. Mtoto wa kike, Jo, mgonjwa wa ugonjwa usiopona, ndoto yake ni kuwa supahiro, na kijiji kizima chamsaidia mpaka wakatengeneza muvi yake. Hakuna kompyuta kubwa, hakuna suti ya kubana, kuna mtoto aliyejifunga kitambaa mgongoni na sisi twaona anachokiona yeye. Dairekta wake ni Likarion Wainaina, mwanaume. Nawaambia hili wavulana ambao tangu nianze mmekunja mikono. Jicho hili halikuzaliwa na nyinyi, mmefunzwa, na mtu aliyefunzwa kitu akitaka akiache atakiacha, Likarion ameacha au hakuwahi kulichukua, vyovyote vile muvi iko wazi mbele yenu.

Haya, mdomo umenikauka. Abdalla, hebu zima taa. Nimewaletea klipu mbili, Justice League ya 2017 na ile ya 2021, sehemu ileile. Nitazionyesha bila sauti, sitaki muziki uwasaidie, na baada yake kila mtu aniambie kamera ilikuwa imesimama wapi. Mlioko nyuma sogeeni mbele, hii projekta haina nguvu, na kaka wa mlangoni njoo ukae hapa karibu yangu, wewe ndo utaanza kujibu.